Amplifaya ya Valvu Yafika Lanet

Wapenzi wengi wa muziki wa magita hudhani kwamba utamu wote hutoka katika gita lenyewe. Mpigaji akisifiwa, huulizwa gita lake ni la aina gani na alilinunua wapi, wala hakuna anayeinama kutazama lile sanduku jeusi lililo nyuma yake, ambalo aghalabu limekwisha geuzwa mahali pa kuwekea soda na makoti. Na hali gita la umeme peke yake halina sauti ya kumwamsha mtoto aliyelala. Sauti tunayoisikia ukumbini ni ya gita na amplifaya pamoja. Mimi hata husema kwamba gita la kawaida likichomekwa katika amplifaya nzuri hulishinda gita la fahari lililochomekwa katika amplifaya mbovu.

Nalileta jambo hili kwa wasomaji kwa sababu mwaka uliopita bendi yetu ndogo ya hapa Lanet ilitumia sehemu kubwa ya akiba yake kununua sanduku moja tu. Maneno yaliyosemwa kabla ya fedha hizo kutoka hayakuwa machache.

Kwa wasioijua, Lanet iko kando ya barabara kuu ya Nairobi, kilomita kama 10 hivi kabla ya kuingia mjini Nakuru. Wengi huijua kwa kambi ya jeshi. Ni kweli kwamba wanajeshi wa Kenya hawakuwa mbali na magita: Maroon Commandos, bendi iliyoanzishwa mwaka 1970 na askari wa kikosi cha 7 Kenya Rifles, ndiyo iliyotuletea "Charonyi Ni Wasi" wa Habel Kifoto, wimbo wa Kitaita uliochezwa hata na watu wasiojua neno moja la Kitaita. Bendi yetu haina sifa kama hizo. Tuko sita, na kazi yetu ni harusi, harambee, na Jumamosi kadha wa kadha katika mahoteli ya kati ya Gilgil na Nakuru. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiweka kando sehemu moja katika kumi ya kila malipo, hata tukafikia shilingi 212,000.

Mpiga ngoma alitaka tununue jenereta. Mpiga besi alitaka spika kubwa za ukumbini. Mimi na mpiga solo tulitaka amplifaya ya valvu. Dada yetu mwimbaji, ambaye ni mwalimu na ndiye mweka hazina, hakutaka kitu chochote. Alitaka kuelezwa tu. Aliuliza swali moja ambalo lilitunyamazisha: je, tangu tuanze kazi hii, ni bwana harusi gani aliyewahi kudai fedha zake kwa kuwa tulipiga kwa amplifaya ya transista?

Hakuna, bila shaka. Hebu basi nieleze kwanza valvu ni kitu gani.

Wazee wataikumbuka redio ya zamani, ile ya kabati la mbao, ambayo ukiifungua ulingoja kidogo ipate joto kabla haijanena, na nyuma yake ukaona vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu kama makaa. Vile vichupa ndivyo valvu. Ndani ya kila kimoja hewa imetolewa, na kuna kijiwaya kinachopashwa moto ili kurusha chembe za umeme ziitwazo elektroni kuelekea kwenye bamba la chuma. Katikati pamewekwa kiwavu. Umeme mdogo sana, kama ule utokao katika nyuzi za gita, ukitiwa kwenye kiwavu hicho huuzuia au kuuachilia ule mto mkubwa wa elektroni, mithili ya mtoto anayefungua na kufunga bomba la tangi kwa kidole chake. John Ambrose Fleming, Mwingereza, alipata hati ya valvu ya kwanza mwaka 1904, nayo haikuwa na kiwavu. Kiwavu kilitiwa na Lee de Forest wa Marekani miaka michache baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1947 transista ikavumbuliwa, ndogo, baridi, isiyovunjika, na kufikia miaka ya 1970 karibu redio zote zilikuwa zimeiacha valvu.

Ila wapiga magita hawakuiacha, na hili si ushamba wala kupenda mambo ya kale. Kila amplifaya ina kikomo cha nguvu. Transista ikifika kikomo chake hulikata wimbi la sauti ghafla, kama panga linavyokata muwa, na sikio husikia mkwaruzo mkali. Valvu huanza kuregea kabla ya kufika huko; hulikunja wimbi polepole, hata noti inayopigwa kwa nguvu hunenepa badala ya kupasuka. Mpigaji huhisi jambo hilo vidoleni mwake kabla msikilizaji hajalisikia. Akigusa uzi taratibu sauti huwa safi, akiukaza sauti hukoroma kidogo, na yote hayo bila kugusa kitufe. Siku hizi ziko mashine za kompyuta zinazoiga tabia hiyo vizuri sana, nami sizidharau. Kijana aliye na chumba kimoja na majirani ukutani afadhali anunue hiyo.

Sasa, majarida ya ng'ambo yakizungumzia amplifaya za valvu husifu zaidi mkoromo. Husifu Marshall, ambayo Jim Marshall, muuza ngoma wa London, aliianza mapema katika miaka ya 1960 kwa kuiga mashine ya Fender iitwayo Bassman. Mkoromo huo ni mzuri kwa muziki wa roki, lakini sisi haututoshei. Sikiliza muziki wetu. Ulianzia katika gita kavu la kina Jean Bosco Mwenda, ambaye "Masanga" yake ilinaswa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952, na la kina George Mukabi wa kwetu Kenya, ambapo vidole viwili vya mkono wa kulia hufanya kazi ya watu wawili. Umeme ulipoingia, benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz yake ililifanya gita la solo lilie kwa sauti nyembamba, kavu, inayokimbizana na mwimbaji. Kisha chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, utunzi wa Omar Shabani: gita la ridhimu pale ni jepesi na safi hata unaweza kuhesabu kila uzi. Muziki wa namna hii unataka amplifaya inayong'aa kama kengele, isiyoziba noti moja kwa noti nyingine. Kwa hiyo mtu wa benga au rumba akiingia dukani na kuuliza ipi inayokoroma zaidi, amekwisha potea njia.

Jambo la pili ni wati, na hapa ndipo fedha nyingi hutupwa. Watu hudhani kwamba wati 30 ni kelele mara mbili ya wati 15. La hasha. Sikio la binadamu huhitaji nguvu karibu mara 10 ndipo liseme sauti imekuwa maradufu. Tofauti ya wati 15 na 30 ni ndogo, unaisikia lakini hushtuki. Isitoshe, siku hizi maikrofoni huwekwa mbele ya amplifaya na sauti ikapelekwa katika spika za ukumbi, hivyo mashine ya mpiga gita inahitaji kumfikia yeye na wenzake jukwaani tu. Ukinunua wati 100 utaishi na kitufe kikiwa kwenye 1, na valvu katika hali hiyo hazina raha, wala wewe.

Basi tukaanza kutafuta. Mashine ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa Vox AC30, ile ya Uingereza iliyovuma kwa ajili ya The Shadows na Beatles, yenye valvu nne za EL84 na spika mbili za inchi 12. Mzee mmoja upande wa Njoro alikuwa nayo ghalani tangu aache kupiga muziki wa hotelini. Mimi nilipoiona mate yalinitoka. Lakini tulikuwa tumemchukua fundi wetu wa redio wa Nakuru, mtu mzima aliyejifunza kazi yake katika enzi za valvu, naye hakutia neno mpaka alipoifungua nyuma. Panya walikuwa wamejenga. Hayo yangesafishwa. Mahali pa fyuzi palikuwa pamekazwa waya wa shaba, jambo ambalo mafundi wa haraka hufanya na ambalo huigeuza mashine kuwa jiko. Hata hayo yangerekebishwa. Kilichomfanya fundi atikise kichwa ni transfoma ya kutolea sauti: ile ya asili ilikuwa imeungua zamani na mahali pake pamefungwa nyingine ndogo iliyotolewa katika redio.

"Bwana mdogo," akaniambia, nami nina mvi, "nusu ya sauti ya kitu hiki iko katika chuma kile, na chuma chenyewe hakipo."

Mwenye mali alikuwa amesikia bei za ng'ambo na alitaka shilingi 150,000. Tulimshukuru, tukanywa chai yake, tukaondoka. Msomaji anayetafuta mashine ya kale naomba akumbuke hilo: jina lililo mbele halina thamani kama vilivyomo ndani vimebadilishwa.

Ya pili ilikuwa Fender Twin Reverb, iliyoletwa na mtu aliyerudi kutoka Marekani. Ni mashine ya kifalme: wati 85, sauti safi kuliko zote nilizopata kusikia, mwangwi wa springi kama wa kanisa kubwa. Bei yake, shilingi 130,000, ilikuwa ya haki. Tatizo lake lilikuwa nyuma, katika kibandiko kidogo: volti 120, hezi 60. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Kuichomeka moja kwa moja ni kuichoma. Mwenye nayo alisema tutumie transfoma ya kupunguzia umeme, na ni kweli hiyo hushusha volti, lakini haibadilishi hezi, na transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 tu ikilishwa hezi 50 hupata joto kupita kiasi. Baadhi huvumilia, baadhi hufa. Juu ya hayo ina uzito wa karibu kilo 30, na transfoma ya nje ingeongeza zaidi. Sisi husafiri kwa matatu. Mpiga solo, ambaye ndiye angeibeba, aliinyanyua mara moja, akaiweka chini polepole, na shauri likaisha.

Mpya kutoka ng'ambo nazo tulizipigia hesabu. Mashine za daraja hili huko zinakotoka hupita dola 1,000. Ongeza nauli ya ndege au meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, nayo ingetuachia mfuko mtupu na mashine ambayo hatujaisikia hata mara moja. Kununua amplifaya bila kuisikia ni kama kuposa kwa picha.

Ya nne ndiyo niliyoitaka tangu siku niliposoma habari zake. Mgeni mmoja Nairobi alikuwa akihama nchi na alikuwa anauza Fender Deluxe Reverb, si ya kale bali ile inayotengenezwa upya kwa mfano wa miaka ya 1960. Ni ndugu mdogo wa Twin: wati 22, spika moja ya inchi 12, kilo 19 hivi, valvu 9 kwa jumla, mbili kati yake zikiwa za 6V6 ambazo ndizo hubeba mzigo. Nyuma yake paliandikwa volti 240. Alitaka shilingi 185,000.

Dada mweka hazina alisema atakwenda mwenyewe. Tena akatoa sharti ambalo sisi wanaume hatukulifikiria: tuchukue na ile amplifaya yetu ya transista, ziwekwe pamoja, naye aketi akizipa mgongo. Tukapanda matatu na mzigo wetu alfajiri. Pale sebuleni kwa mgeni mpiga solo alipiga wimbo ule ule mara sita, akibadilisha mashine bila mpango, na kila mara dada alitaja "ile yetu" au "ile ngeni". Alipatia tano. Nilidhani atasifu utamu, lakini yeye alieleza jambo la kazi yake. Alisema kwa mashine yetu gita linakaa pale pale sauti yake inapokaa, kali, na kila Jumamosi humlazimu apaze koo ili atoke chini yake. Ile ngeni inang'aa lakini inamwachia nafasi. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza kwa nini hukauka sauti kila Jumapili.

Kabla ya kutoa fedha tulifanya majaribio ambayo fundi alitufundisha, nami nayaandika kwa faida ya wengine. Mashine iwashwe ikiwa baridi mbele yako, si uikute imekwisha washwa. Ngoja, kisha sikiliza ukimya wake bila gita: mvumo mdogo ni kawaida, ngurumo si kawaida. Gonga kila valvu taratibu kwa ncha ya penseli. Ile inayolia kama kengele katika spika imechoka. Zungusha vitufe vyote, usikilize mchakaricho wa vumbi. Ipige kwa sauti utakayoitumia kazini, kwa nusu saa au zaidi, maana magonjwa mengi hujificha mpaka mashine ipate moto. Soma kiwango cha fyuzi kilichoandikwa, kisha uitoe fyuzi uone kama ndiyo. Wala usiiwashe kamwe amplifaya ya valvu ambayo spika yake imechomolewa, kwani transfoma ya kutolea inaweza kuungua.

Na zaidi ya yote, usiifungue kama hujui kazi hiyo. Ndani mna umeme wa zaidi ya volti 400, na kapasita zake huweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya waya kutolewa ukutani. Kijana aliyezoea kulehemu redio za betri anaweza kuuawa na kitu ambacho hakijachomekwa popote.

Tulikubaliana shilingi 168,000, pamoja na turubai lake na jozi moja ya 6V6 za akiba. Dada alituma fedha kwa simu huku ameishika mashine kwa mkono mwingine.

Kuhusu matunzo sina mengi ya kusema. Valvu bado zinatengenezwa, hasa Slovakia, Urusi na Uchina. Za kale za Mullard zilizotoka Blackburn, Uingereza, huuzwa kwa bei ya dhahabu, nami sioni sababu ya kuzitafuta. Zile kubwa mbili hubadilishwa pamoja, kwa jozi, na fundi huzipima baada ya kuziweka. Zile ndogo hudumu miaka. Adui wetu mkubwa hapa ni vumbi. Husemwa kwamba jina la Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimasai la mahali penye vumbi, na mtu aliyekaa Lanet mwezi wa Januari hatabisha. Kwa hiyo turubai halitoki ila jukwaani, na mashine ikizimwa huachwa ipoe kabla ya kubebwa, maana kioo cha moto na matuta ya barabarani havipatani.

Jukwaani tumegundua kwamba kitufe cha sauti kikiwa kwenye 3 benga hutoka safi kabisa, na kikifika 5 mpiga solo anaweza kuikorofisha kidogo katika sebene za mwisho watu wakishalewa. Zaidi ya hapo hatupandi. Dada haumwi koo tena Jumapili, na tumeanza kupiga nyimbo mbili tulizoziacha zamani kwa kuwa zilimshinda.

Liko jambo moja ambalo mpiga ngoma hajaacha kutukumbusha. Umeme wa jenereta za bei nafuu hupanda na kushuka, na fundi alitukataza kabisa kuchomeka amplifaya hii humo. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi upande wa Bahati mahali ambapo stima haijafika. Tulikodi jenereta, tukaenda na ile mashine yetu ya zamani ya transista, na Deluxe Reverb ikabaki Lanet ndani ya turubai lake. Mpiga ngoma alilipa nusu ya kodi ya jenereta mfukoni mwake, akaandika kiasi hicho katika daftari la mweka hazina kwa kalamu nyekundu. Akiba iliyopo sasa ni shilingi 51,000, na ameomba kikao Jumapili ijayo.